Maisha ya Mtemi Mirambo na Vita vya Tabora

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Bweni la Mirambo

Mabweni ya shule yetu, kama ya shule nyingi za serikali, yana majina ya watu mashuhuri wa zamani. Siku niliyofika kuanza Kidato cha Kwanza, nikiwa na sanduku langu la bati, godoro na jembe, mwalimu wa zamu aliitazama orodha yake, kisha akanionyesha nyumba ya pili kutoka bwaloni. Juu ya mlango palikuwa na neno MIRAMBO kwa rangi nyeupe. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimelisikia jina hilo tangu darasa la nne, na wenzangu wa bweni walijiita rugaruga kila siku ya mpira.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu yangu, ambaye asili yake ni Ukune, katika eneo letu hili la Kahama. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikaanza kumpa habari za shule. Nilipotaja jina la bweni langu, babu aliweka kikombe chake cha uji chini, akakaa kimya. Baada ya muda akaniuliza kama shule haikuwa na jina jingine la kunipa. Ndipo akanieleza kwamba babu yake yeye, alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, alilala siku tatu juu ya jabali pamoja na mama yake kwa kuwaogopa watu wa Mirambo. Waliposhuka walikuta kaya yao ni majivu. Kaka yake mkubwa alikuwa ametekwa, wala hakuonekana tena.

Nilirudi shuleni na swali lililonisumbua. Je, nilikuwa nikilala chini ya jina la shujaa au la mtu aliyeichoma nyumba ya wazee wangu? Kwa mihula miwili nimesoma vitabu vya maktaba yetu, nimemwuliza mwalimu wa historia, na nimewasikiliza wazee. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata. Naomba msomaji asiyependa vita anivumilie, maana maisha ya mtu huyu hayawezi kuelezwa bila vita.

Kwanza yafaa kuufahamu mji wa Tabora, kwa kuwa ndio mji uliokuwa mbele ya macho ya Mirambo maisha yake yote. Sisi wa Kahama tunakwenda huko kwa basi kwa njia ya Nzega, na wengi wetu tunauona kuwa mji mtulivu wa miembe, asali na reli. Karne ya 19 haukuwa hivyo. Waarabu na Waswahili wa pwani walianza kukaa hapo, katika nchi ya Unyanyembe, karibu na mwaka 1852, na mahali hapo paliitwa Kaze. Waingereza Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857, baada ya safari ya miezi zaidi ya minne kutoka pwani, walikuta nyumba kubwa za tembe, mashamba, na wafanyabiashara waliowakaribisha kwa heshima.

Ukubwa wa Tabora haukutokana na rutuba wala dhahabu. Ulitokana na njia. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikuja kaskazini, ikapita katika nchi zetu hizi kuelekea Karagwe na Buganda. Nyingine ilishuka kusini magharibi hadi Katanga kwenye shaba, ambako Msumbwa mmoja aliyetoka pande hizi, Msiri, alijipatia ufalme. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani, na kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, bunduki na baruti. Mwenye kuishika Tabora aliishika mikono yote ya njia hizo.

Miji ya namna hii ipo katika kila bara. Tunasoma katika historia ya Ulaya juu ya mji wa Belgrade, ulio mahali mto Sava unapoingia mto Danube, mpakani mwa dola ya Waturuki wa Osmani. Mwaka 1456 Sultani Mehmed wa Pili aliuzingira akashindwa. Mwaka 1521 Sultani Suleiman akauteka. Waaustria wakautwaa mwaka 1688, wakanyang'anywa 1690, wakautwaa tena 1717, wakaurudisha kwa mkataba mwaka 1739, wakauteka mara nyingine 1789, na baada ya miaka miwili wakaurudisha tena. Watu wa Belgrade hawakuwa na kosa ila kukaa njiani. Tabora nayo ilikuwa Belgrade yetu, mpaka wa mbali ambako bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikutana na nchi za watemi.

Sasa nimgeukie Mirambo mwenyewe. Alizaliwa karibu na mwaka 1840. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo iliyokuwa upande wa magharibi wa Tabora. Jina la Mirambo alilipata baadaye vitani, na maana yake, kama wasemavyo wazee, ni maiti nyingi. Wakati huo Unyamwezi haukuwa dola moja. Ulikuwa nchi nyingi ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake, na mtemi mwenyewe alikaa kwenye ikulu yake. Neno hili tunalolitumia leo kwa makao ya Rais linatoka katika lugha za huku kwetu.

Katika ujana wake kulikuwa na wageni wengine wa kutisha. Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika walikuwa wamefika mpaka huku, na kundi lao lililoitwa Watuta lilikaa pande za Runzewe, kaskazini magharibi ya Kahama. Hawa walipigana kwa namna mpya. Vijana walikaa pamoja kwa marika, wakaenda mbio usiku, wakashambulia alfajiri, na mateka vijana wakawafanya askari wao. Inasimuliwa kwamba Mirambo aliwahi kukaa kati yao akiwa mateka. Wanahistoria hawakubaliani wote juu ya jambo hilo, lakini wote wanakubali kwamba alijifunza kutoka kwao, kwa sababu baadaye alipigana kama wao.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 20 hivi alirithi utemi wa Uyowa. Wakati huo huo aliona yaliyotokea Tabora. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliyekuwa rafiki wa Waarabu alikuwa amefariki, na mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka wafanyabiashara walipe ushuru. Waarabu wakakasirika. Mwaka 1860 wakamfukuza kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa kwenye kiti chake. Mnywa Sere alikimbia, akapigana msituni miaka mitano akijaribu kurudi, hata mwaka 1865 akakamatwa na kuuawa. Kwa Mirambo hilo lilikuwa somo kubwa. Aliona mtemi wa haki akiondolewa katika nchi yake na wageni wachache wenye baruti, na mtemi mwingine akitawala kwa hisani yao.

Tangu hapo Mirambo alikusanya watu. Hakuwachagua kwa ukoo. Alikusanya vijana wasio na kwao, mateka, wawindaji wa ndovu, wapagazi waliokimbia misafara, hata Watuta wenyewe. Hao ndio rugaruga. Walijifunga nguo nyekundu, walivaa manyoya kichwani, walivuta bangi, na chakula chao kilikuwa kile walichokinyang'anya. Mirambo mwenyewe alikwenda mbele yao vitani, akala nao, akagawa nyara siku ile ile. Aliunganisha Uyowa na Ulyankulu, kisha nchi za jirani moja baada ya nyingine. Mtemi aliyekubali aliachwa kwenye kiti chake alipe kodi ya pembe na kutoa askari. Aliyekataa aliuawa, na jamaa yake mwenye utii akawekwa mahali pake.

Kufikia mwaka 1871 Mirambo alikuwa ameikalia njia ya Ujiji. Mwaka huo msafara wa Waarabu ulikuja kutaka kupita. Siku hizi neno hongo ni neno baya, tunalikuta katika mabango ya ofisini ya kuzuia rushwa. Zamani lilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi. Mirambo alitwaa hongo ya nguo, bunduki na baruti, kisha akawaambia wageni warudi walikotoka, maana hakuna msafara utakaopita tena ila yeye awe amekufa. Alikuwa na manung'uniko yake. Wafanyabiashara wa Tabora walimsaidia Mkasiwa, adui yake, na alitaka wamtambue kuwa mkubwa kama walivyomtambua Sultani wa pwani.

Waarabu walifanya shauri, wakaamua vita. Wakati huo alikuwapo Tabora mgeni mmoja, Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa hana njia ya kwenda Ujiji, basi akaungana nao. Mwanzoni mwa Agosti 1871 jeshi la watu zaidi ya 2,000 lilitoka na bendera na ngoma. Lilikiteka kijiji cha Zimbizo kwa urahisi, na wengi wakadhani vita vimekwisha.

Kisha Mwarabu kijana aitwaye Saud bin Said alichukua watu kama 500 kwenda kuipiga Ulyankulu. Aliiteka, akakuta humo pembe nyingi na mateka. Mirambo alikuwa amekiacha kijiji makusudi. Aliwalaza watu wake katika majani marefu, pande zote mbili za njia ya kurudi. Saud na watu wake walipopita, wameelemewa na mizigo ya nyara, rugaruga waliinuka. Saud aliuawa pamoja na wengi aliokuwa nao. Habari ilipofika Zimbizo, jeshi kubwa lilivunjika, kila mtu akatafuta punda wake. Stanley, ambaye alikuwa na homa, naye alijikuta akikimbia na watu wachache tu.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo akaja mwenyewe mpaka Tabora, na Watuta walikuwa pamoja naye. Wenye tembe walijifungia ndani. Mmoja alikataa kujificha, naye ni Khamis bin Abdallah, mzee mwenye cheo kati ya Waarabu. Alitoka na jamaa zake wachache na watumwa wake wenye bunduki. Mirambo akarudi nyuma kama mtu anayeogopa, akawavuta mbali na mji, kisha akawageukia. Watumwa walikimbia. Khamis bin Abdallah na wenzake waliuawa hapo. Sehemu ya mji ikachomwa, ng'ombe na pembe zikachukuliwa, na wakimbizi wakajaa njia ya Kwihara. Stanley alikuwa Kwihara akiuona moshi. Alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe yake akangoja, lakini Mirambo hakuja.

Hapa nilisimama nikajiuliza jambo ambalo nadhani kila msomaji atajiuliza. Kwa nini hakuingia akakaa? Mji ulikuwa mikononi mwake. Mwalimu wetu alinipa jibu ambalo mwanzoni sikulikubali. Alinieleza kwamba Tabora bila njia ya pwani ni viambaza vya udongo na miembe. Baruti iliyomwezesha Mirambo kupigana ilitoka pwani, na pembe zake zilinunuliwa pwani. Kama angekaa Tabora juu ya maiti za wafanyabiashara, hakuna msafara ambao ungemjia tena. Tena rugaruga walijua kushambulia na kuondoka. Hawakujua kuketi na kulinda ukuta. Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, na sasa naliona kuwa kweli. Aliyeweza kuuchoma mji hakuweza kuutumia.

Basi vita viligeuka kuwa vya kuziba njia, vikaendelea miaka. Stanley alizunguka kusini sana ndipo akafika Ujiji, akamkuta Livingstone mwezi wa Novemba 1871. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara miezi mingi akingoja wapagazi kutoka pwani. Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari, lakini makamanda wao na wenyeji wa Tabora hawakupatana, wakashindwa kumwondoa Mirambo. Naye hakuweza kuwaondoa wao. Vijiji vya katikati ndivyo vilivyolipa gharama, maana pande zote mbili zilikula mahindi na mtama wa watu wale wale.

Mwishoni pande zote zilichoka. Kufikia mwaka 1876 palikuwa na amani, na misafara ilipita katika nchi ya Mirambo kwa kulipa hongo inayojulikana. Mwezi wa Aprili mwaka huo Stanley, aliyekuwa amerudi Afrika kwa safari nyingine, alikutana naye mahali alipopaita Serombo, katika Unyamwezi wa kaskazini. Stanley alitazamia kuona jambazi. Akaona mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye adabu, anayesikiliza zaidi kuliko anavyosema, hata akashangaa kwamba huyu ndiye aliyemkimbiza Zimbizo. Walichanjiana damu wakawa ndugu. Baadaye Stanley aliandika habari zake akamfananisha na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa.

Miaka iliyofuata ndiyo inayonifanya nimheshimu. Kama hakuweza kuishika Tabora, alijaribu kuileta njia kwake. Alijenga makao makubwa Urambo, yaliyoitwa Iselamagazi, yenye ukuta na nyumba nyingi. Aliwaita wafanyabiashara waje wauze hapo, akawaadhibu waliowaibia wageni. Alipeleka ujumbe kwa Sultani na kwa Dakta Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, akitaka urafiki na biashara ya moja kwa moja bila kupitia mikono ya Tabora. Mwaka 1879 alimpokea Dakta Southon, mganga wa misheni ya London, akampa mahali pa kujenga. Southon alimtibu Mirambo na watu wake mpaka alipofariki mwaka 1882 kwa ajali ya bunduki. Kwa upande wa kusini mashariki Mirambo alikuwa na jirani mwenye nguvu kama yeye, Nyungu ya Mawe, mtawala wa Ukimbu. Hao wawili walikuwa na akili ya kutopigana vita vikubwa kati yao.

Lakini upanga uliomkuza haukumwacha. Rugaruga walikuwa maelfu, nao walikula nyara. Mfalme wa askari wa namna hiyo hawezi kukaa kitako. Akikaa msimu mmoja, watu wake wanaanza kumtazama kwa njaa. Kwa hiyo kila kiangazi vita vilitoka Urambo. Mwezi wa Juni 1880 aliipiga Mpimbwe, upande wa kusini magharibi. Ndani ya kijiji walikuwamo Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi ya Mfalme wa Ubelgiji, na wote wawili waliuawa. Mirambo alieleza kwamba hakuwakusudia, lakini Wazungu wengi walimgeuka. Kirk hakuendelea tena na mpango wa urafiki. Mlango alioubisha kwa miaka minne ulifungwa kwa asubuhi moja.

Tena alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa koo ulimshika, sauti yake ikafifia, naye bado alitoka vitani. Vita vyake vya mwisho havikuwa vya Tabora. Vilikuwa vya Ukune. Mtemi wa Ukune alikataa kumtii, na mwaka 1884 Mirambo akaja kaskazini na jeshi lake. Ukune ni nchi ndogo, haikuwa na Waarabu wala hazina ya pembe. Ilikuwa na kaya za wakulima, mbuzi, na vijana waliojua kulenga mishale. Ilimshinda kuimaliza. Tarehe 2 Desemba 1884, wakati vita hivyo vikiendelea, Mirambo alifariki, akiwa na umri wa miaka kama 44.

Nilipokuwa nikisoma ukurasa huo katika maktaba nilisikia moyo ukinidunda. Hiyo ndiyo vita ambayo babu yake babu yangu aliikimbia juu ya jabali. Katika kitabu ilikuwa mistari miwili tu.

Dola yake haikudumu. Ndugu yake Mpandashalo alirithi, lakini nchi zilizounganishwa kwa hofu zilianza kujitenga mara tu hofu ilipozikwa, naye aliuawa vitani mwaka 1890. Nyungu ya Mawe alikuwa amefariki mwezi ule ule wa Desemba 1884, na kwa hiyo Unyamwezi na Ukimbu vilipoteza nguzo zao mbili kwa wakati mmoja. Chini ya miezi mitatu baadaye Wajerumani walikwisha kupata hati ya mfalme wao juu ya sehemu za nchi yetu.

Mji wa Tabora uliendelea kugombewa. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyetawala tangu 1876, alijenga boma la ukuta mnene akawapinga Wajerumani. Walimshambulia mwaka 1892 wakarudishwa. Mwezi wa Januari 1893 afisa wao Tom von Prince aliingia ndani ya boma. Isike alipoona yamekwisha alijiingiza katika ghala ya baruti akailipua, asichukuliwe hai. Wajerumani walimtoa akiwa bado anapumua, wakamnyonga. Walileta reli ikafika Tabora mwaka 1912. Miaka minne baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wabelgiji lenye askari wengi wa Kongo liliuzingira mji, likaingia tarehe 19 Septemba 1916. Hayo yote yalikuwa kwa sababu ile ile ya zamani: aliyeshika Tabora alishika njia, safari hii njia ya chuma.

Mara nyingi nimefikiri kwamba kama Mirambo, Isike na Nyungu wangekuwa kitu kimoja, historia ingekwenda vingine. Lakini Isike alikuwa mwana wa Mkasiwa, adui wa Mirambo, na hao wawili walipigana hadi Mirambo alipokufa. Kila mmoja alimwona jirani kuwa ndiye hatari, na Mjerumani akawakuta mmoja mmoja.

Leo jina la Mirambo liko juu ya mtaa mmoja wa katikati ya jiji la Dar es Salaam, liko kwenye kambi ya jeshi Tabora, na liko juu ya mlango wa bweni letu. Nadhani anastahili. Alitoka katika nchi ndogo, bila bahari na bila kiwanda cha baruti, akawalazimisha watu wa Tabora, Sultani wa Zanzibar na Wazungu wafanye naye shauri kama mfalme. Aliwaonyesha kwamba mwenye nchi ana haki ya kuulizwa kabla ya njia kupita mlangoni pake. Lakini anayelitaja jina lake ataje pia waliolala juu ya majabali. Ukune, Mpimbwe na vijiji vya njia ya Ujiji vilikuwa na watu, si nyara tu.

Muhula uliopita, siku ya wazazi, babu alikuja. Alipanda basi dogo asubuhi, akiwa na fimbo yake na mfuko wa karanga. Nilimpitisha darasani na shambani, na nilikuwa nikitafuta njia ya kumzungusha asilione bweni. Yeye mwenyewe aliniuliza ninapolala. Tukaenda. Alisimama mbele ya mlango, akayasoma maandishi herufi kwa herufi kwa sauti ndogo, kisha akavua kofia ili aingie, maana mlango ni mfupi. Akaketi kwenye kitanda changu, akapapasa godoro, akawaamkia wenzangu mmoja mmoja na kuwauliza kwao ni wapi. Mmoja alitoka Urambo. Babu alimtazama sana, kisha akacheka, akampa karanga nyingi kuliko sisi wote, kwa kuwa, alivyosema, watu wa Urambo walikwisha kuchukua mbuzi wake, basi wachukue na hizi.

Kabla ya kupanda basi la kurudi aliniambia kwamba hataki jina lile lifutwe. Anataka tu kwamba watoto wanaolala chini yake waambiwe Ukune ni wapi na nini kilitokea huko. Mwezi uliofuata mhariri wa gazeti letu alipotangaza kwamba anahitaji habari za watu mashuhuri, nilikwenda kwake jioni ile ile kuomba nafasi.